Mguu Ulikuwa Wapi King'ora Kilipolia

Jumapili, 2 Machi

Dada, niwie radhi. Daftari hili ulinitumia mtoto akiwa hana jino hata moja, ukaniambia niandike kila siku, masika yakiisha nikurudishie upate kujua ninavyoishi. Leo mtoto ana meno manne na daftari bado lina harufu ya dukani. Sina cha kujitetea. Nikitoka kazini mtoto analia, nikimnyonyesha nasinzia, nikizinduka jezi zinaningoja. Naanza leo kwa sababu nimekasirika, na hasira imeniondolea usingizi.

Jezi zenyewe ni hivi. Kiwanda chetu cha sabuni kina timu ya mpira. Kazi yangu pale ni kufungasha miche ya sabuni, unajua. Lakini tangu nirudi likizo ya uzazi, Meneja kaniongezea kufua jezi za timu, eti kwa kuwa mume wangu ni mtu wa timu. Jezi kumi na nane na soksi zake. Dada, hujawahi kushika soksi ya kipa. Inasimama yenyewe. Leo nimekuta ndani yake chingamu iliyotafunwa, imeshikana na nywele za mguu. Watu wanatengeneza sabuni mchana kutwa, sijui nani aliwaambia sabuni ni ya kuuza tu.

Nilitoka nje nikatapika. Mama mkwe akaniuliza kama nina mimba nyingine. Nikamwambia hapana, nina soksi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda moja bila. Nasema "tumeshinda" kana kwamba nilicheza. Nilikuwa bombani.

Uwanja una bomba moja tu, pembeni, sawasawa na pale boksi la goli linapoanzia. Huku kwenye nyumba za wafanyakazi tunapanga foleni ya maji, watu arobaini bomba moja, kwa hiyo Jumamosi nachukua nepi zangu nazifulia uwanjani, mtoto mgongoni, nikisubiri mechi iishe nipewe jezi. Nimekuwa naitwa Mama Jezi. Hata mtoto ataanza kuniita hivyo.

Shemeji yako hachezi tena tangu goti lake liharibike. Sasa ni mshika kibendera. Kwenye ligi hii ya viwanda, karakana na hospitali kila timu inakuja na mshika kibendera wake, naye anasimama upande ambao timu yake inalinda goli. Timu zikibadilishana pande, naye anahama. Wanamwita Mkono. Mshambuliaji wa watu akikaribia goli letu, mkono juu, kibendera kinapepea, "Kaotea!" Watu wanashangilia kibendera kuliko goli. Hatujafungwa mechi tano.

Nilijisikia vizuri, sikufichi. Mwanamume mwenye goti bovu kushangiliwa na uwanja mzima si kitu kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mtoto ana mafua. Makamasi kwenye jezi namba saba, si yake.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeuliza kuotea ni nini hasa. Mwenzangu wa kufungasha akasema, "Kuotea ni refa akikuchukia." Mama mkwe akasema ni kukaa karibu na goli kama paka karibu na jiko, unangoja kidondoke. Nikamfuata mwenyewe mwenye kibendera.

Akapanga vikombe mezani. "Hiki kipa. Hiki beki wetu. Kijiko ndiye mshambuliaji wao. Kijiko kikipokea mpira kiko mbele ya beki, amebaki na kipa tu, kaotea. Umeelewa?"

"Kinachoangaliwa ni pale anapopokea?"

"Anapopokea. Kila mtu anajua hivyo. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Kweli, kila mtu anajua hivyo. Nimesikia uwanjani: mpira ukimfika mtu aliye peke yake, hata watoto wanapiga kelele. Nikaosha vikombe. Chai ilikuwa imemwagika kwenye kitambaa nilichokifua asubuhi, na kijiko kiko sakafuni. Hakuna aliyekiona ila mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Mechi imeahirishwa, uwanja umejaa maji. Jezi zina siku ya nne hazijakauka. Zinanuka mbwa.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimeelewa kuotea, na aliyenielewesha ni mlinzi wa geti ambaye hata mpira hautazami.

Pale getini kuna mstari wa njano. Waliuchora kwa sababu watu walikuwa wanachomoka kabla ya muda kuwahi foleni ya bomba. Sheria ni moja: king'ora cha saa kumi kikilia, kila mguu uwe nyuma ya mstari. Kikishalia, kimbia utakavyo.

Leo mimi na mwenzangu tulisimama mstarini na ndoo. King'ora kililia, mwenzangu akatoka mbio, ana miguu huyo, akafika bombani, hapo mkabala na geti, wa kwanza mbele ya wote. Wanaume wa tanuru la kuchemshia sabuni wakaja juu. "Huyu katangulia! Mwoneni yuko wapi, na sisi ndio tunafika! Mrudishe!"

Mlinzi akainua kichwa kwenye kiti chake. "Mimi siangalii yuko wapi sasa. Naangalia king'ora kilipolia mguu wake ulikuwa wapi. Ulikuwa nyuma. Ana mbio. Mnataka nimfunge kamba?"

Dada, nilisimama na ndoo yangu tupu watu wananipita. Mpira nao una king'ora chake. King'ora ni mguu wa yule anayepiga pasi. Ukigusa mpira tu, hapo ndipo unaangalia mshambuliaji alikuwa wapi. Kama alikuwa sawa na beki au nyuma yake, mbali zaidi na goli, basi, akimbie, aupokee akiwa peke yake na kipa, ni haki yake. Kumuangalia anapopokea ni kama kumuangalia mwenzangu akiwa tayari bombani.

Jioni nilimuuliza refa kwa uhakika. Refa wa ligi yetu ni fundi bomba, anakaa nyumba ya tatu. Alikuwa anakata paipu kwa msumeno. Akaacha kukata. "Nani kakufundisha?"

"Mlinzi wa geti."

"Miaka tisa napuliza filimbi hapa," akasema, "hajawahi kuja mtu kuniuliza hivyo. Wanakuja kunitukana tu." Akaongeza kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea, na kona haina. Nikaandika mkononi kwa kalamu yake ya kuwekea alama paipu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeangalia kwa macho mapya. Kipindi cha pili mume wangu alikuwa upande wa bomba, hatua kumi kutoka nilipo. Aliinua kibendera mara sita. Mbili zilikuwa halali. Nne si kweli kabisa. Moja mtu alikuwa nyuma ya beki wetu kiasi kwamba ningeweza kuanika nepi katikati yao.

Refa yuko mbali, pale alipo haoni mstari. Anafuata kibendera.

Nilimuonea huruma mume wangu. Maskini, nikasema moyoni, naye alifundishwa vibaya. Nitamweleza taratibu, tukiwa wawili, asiaibike.

Jumapili, 30 Machi

Nimemweleza.

Alikuwa amekaa kizingitini anamchezesha mtoto kwenye goti zima, mtoto anacheka mpaka anakwama. Anampenda mtoto huyu, lazima nikiandike hicho pia. Nikavuta ndoo nikakaa. Nikamwambia habari ya geti, mstari, king'ora, mguu wa anayepiga. Nilikuwa nimejiandaa, hata vikombe nilileta.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, si kicheko cha ubaya, kile cha kumcheka mtoto aliyegundua kivuli chake.

"Mama Mtoto, hiyo naijua tangu sijakujua wewe."

"Unaijua?"

"Nilikuwa beki miaka minane, nisiijue?"

"Sasa mbona unawafundisha watu vingine?"

"Wakijua hivi ninavyojua mimi, si wataniuliza?" Akambusu mtoto tumboni. "Watu wakiangalia anapopokea, kila mtu anaona kaotea. Mimi nainua tu kile ambacho macho yao yameshaona. Hakuna ugomvi."

Nikaanza kukusanya vikombe. Akadhani sijaelewa, akasogea akasema kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi. "Meneja kaniahidi. Tukichukua kombe, nakuwa msimamizi wa zamu. Msimamizi anapewa nyumba ya kona. Nyumba ya kona ina bomba ndani, mama. Jikoni. Unafungua tu. Unadhani nashika kibendera pale? Nashika bomba lako."

Dada, kinyaa nilichokisikia sijawahi kukisikia kwenye soksi. Soksi ni uchafu wa mtu mwingine. Huu ulikuwa na jina langu. Kila Jumamosi nilipokuwa nacheka watu wakiimba "Mkono! Mkono!", nilikuwa nateka maji hayo. Na kibaya zaidi, naomba usimwambie mtu, kabla ya kinyaa niliona lile bomba. Niliona maji yanatoka, mtoto ameketi ndani ya beseni, mimi sijabeba kitu kichwani. Niliona kwanza bomba, ndipo nikachefukwa.

Nikamwambia, "Usinishikie."

Akasema, "Umechoka. Lala kidogo."

Jumatano, 2 Aprili

Sijalala kidogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nusu fainali, sisi na karakana ya magari. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, uwanja matope. Kapteni wao wanamwita Spana, mrefu, mikono haitakati grisi. Mshambuliaji wao wanamwita Upepo, kijana anayebadilisha matairi. Anakimbia kama amesahau kitu jikoni.

Kipindi cha kwanza tulikuwa tunalinda goli la mbali. Tukapata bao moja. Kipindi cha pili mume wangu akahamia upande wangu. Hatukusalimiana.

Zikabaki dakika chache. Mimi nakamua nepi. Spana akauchukua mpira katikati, na sijui kwa nini, badala ya kuangalia mpira niliangalia beki wetu. Alikuwa amesimama sawasawa na ndoo yangu. Upepo alikuwa nyuma yake hatua nzima, upande wa katikati ya uwanja. Nikasikia mguu wa Spana unapiga, tii, nikasema moyoni: king'ora. Upepo akatoka. Alimpita beki kama mlango ulioachwa wazi, akaupokea mpira yuko peke yake, akamzunguka kipa, akafunga.

Nikageuka. Kibendera kilikuwa juu.

Uwanja mzima, "Kaotea!" Watu wetu, hata baadhi ya watu wa karakana, walikuwa wanashika kichwa wakimlaumu Upepo kwa haraka yake. Hilo ndilo lililoniuma. Yule kijana mwenyewe alikuwa ameinama, ameamini. Alikuwa anaomba msamaha kwa wenzake.

Mdomo ukanitoka, nepi mkononi, "Hakuotea!"

Wachache wakageuka. Mmoja wa tanuru akacheka. "Mama Jezi, kamua nepi!"

"Hakuotea! Alikuwa nyuma mpira ulipopigwa! Nimemuona!"

Spana akaja mbio na matope yake. "Refa, msikilize huyo mama! Yuko mstarini!"

Fundi bomba akaja akihema, akanitazama, akamtazama mume wangu. Mume wangu hakunitazama. Mkono ulikuwa bado juu. Refa akasema, polepole, kama mtu anayemeza dawa, "Mtu wa nje ya uwanja si wangu. Wangu ni kibendera. Kibendera kimesema."

Tumeshinda moja bila.

Walimbeba mume wangu juu. Walipopita bombani wakanitupia jezi kama kawaida, bila kuangalia, rundo zima la matope na jasho na mate, likaangukia kwenye nepi safi za mtoto. Nikazitoa moja moja kwa vidole viwili. Nikafua nepi upya. Jezi nikaziacha pale pale chini.

Jumapili, 6 Aprili

Mama mkwe: "Mwanamke gani anamvua mumewe nguo mbele ya watu?"

Nikamjibu, "Nguo zake nafua mimi, mama. Najua zilivyo."

Hajaongea nami tangu hapo. Mume wangu naye kimya. Mtoto peke yake ndiye anayeongea humu ndani, na hajui kuongea.

Jumatatu, 7 Aprili

Karakana wamepeleka malalamiko kwenye kamati ya ligi. Spana kasema shahidi wao ni mimi. Meneja ameniita ofisini. Kwanza akauliza habari za mtoto, afya yake, meno yake. Kisha akasema nyumba ya kona inapakwa rangi, nikapendekeze rangi ya jikoni. Kiganja chake kilikuwa begani kwangu muda wote. Nikatoka nikaosha bega kwa sabuni yetu wenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepita nyumba ya kona. Dirisha lilikuwa wazi. Bomba lipo. Linang'aa.

Jumatano, 9 Aprili

Kamati ilikaa kwenye stoo ya karakana, viti vitatu, harufu ya mpira na dizeli. Wajumbe watatu, refa pembeni, Meneja wetu mbele, Spana na Upepo upande mmoja, mume wangu upande wa pili. Mimi na mtoto katikati, kwenye tairi, hapakuwa na kiti.

Mwenyekiti ni karani wa hospitali. Akaniuliza, "Mama, mshambuliaji alikuwa wapi?"

Meneja akadakia, "Alikuwa peke yake na kipa! Watu mia mbili wameona!"

Nikasema, "Wameona alipopokea. Mpira ulipopigwa alikuwa nyuma ya beki wetu, hatua nzima. Mbele yake walikuwepo beki na kipa, wote wawili. Alibaki peke yake baadaye, kwa sababu ana mbio. Mbio si kosa."

"Unajuaje ni hatua nzima?"

"Beki alikuwa sawa na ndoo yangu. Kijana alikuwa sawa na beseni. Kati ya ndoo na beseni ni hatua moja, nimeviweka mimi."

Mtu akacheka. Karani hakucheka, aliandika.

Meneja akasema, laini kabisa, "Mama Mtoto, fikiria vizuri. Pengine uliona vibaya. Mtoto mgongoni, uchovu..."

"Nimechoka," nikamwambia, "lakini macho hayanyonyeshi."

Hapo Spana alicheka mpaka akashika ukuta. Karani akamgeukia mume wangu. "Na wewe uliona nini?"

Dada, nilimwombea. Nilitamani aseme tu kwamba alikosea, mtu hukosea, ningembeba hivyo hivyo mpaka nyumbani. Alitazama kibendera chake mapajani, akakikunja, akakikunjua.

"Niliona kaotea," akasema.

Alikuwa akinitazama usoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Mechi itarudiwa tarehe kumi na tisa. Na kuanzia sasa timu haitaleta mshika kibendera ambaye wapinzani hawajamkubali. Mume wangu hakuna aliyemkubali.

Jezi zimerudishwa mlangoni kwangu ndani ya gunia, zimeota ukungu. Nimezirudisha ofisini na gunia lake. Nimemwambia Meneja mkataba wangu unasema kufungasha. Kasema tutaona. Nikasema, haya, tuone.

Jumamosi, 19 Aprili

Karakana mbili, sisi bila. Upepo alifunga zote mbili na hakuna kibendera kilichoinuliwa kwa haki wala kwa dhuluma. Pengine tungeshindwa siku ile ile. Kilichobaki ni aibu tu.

Jioni mama mkwe akaja nyuma ya nyumba nilipokuwa nafua. Akaitazama kamba ya kuanikia. Kisha akasema, "Baba yake alikuwa anaiba hivyo hivyo kwenye karata. Na watu wanamshangilia. Nilinyamaza miaka thelathini." Akanyoosha mikono. "Lete hizo nepi nikuanikie."

Jumatatu, 21 Aprili

Msimamizi wa zamu amepatikana, mtu wa tanuru. Mkewe alinipita na funguo za nyumba ya kona, hakujua aangalie wapi. Nilimpongeza. Nilimaanisha nusu.

Jumanne, 22 Aprili

Fundi bomba kabisha hodi na msumeno wake. Fainali ni tarehe kumi Mei, karakana na hospitali. Wametaja majina saba ya washika kibendera, kila timu ikakataa ya mwenzake. Jina la nane, langu, limepita pande zote bila ubishi.

"Mtoto je?" nikamuuliza.

"Mama mkwe wako kanijibu mlangoni kabla sijakufikia wewe, atakaa naye," akasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda uwanjani kujizoeza na ufagio. Nakimbia pembeni ya mstari, natazama beki wa kufikirika, najikwaa. Sikujua kwamba mume wangu yuko kule, amekaa kwenye matofali, goti limenyooshwa.

Akaniangalia mizunguko mitatu. Kisha akasema, maneno ya kwanza tangu kamati, "Usikimbie ukitazama mbele. Utampoteza beki. Kimbia kiubavu, kifua kitazame uwanja."

Nikiona ule mkono bado natamani kunawa, na sijui utaisha lini huu moyo. Najua tu kwamba anachojua anakijua vizuri, na aliamua kukitumia vile.

Nilikimbia kiubavu. Beki hakunipotea.

Jumapili, 27 Aprili

Dada, masika yanakatika na kurasa zimeniishia, kwa hiyo natuma daftari kesho, lipite mikononi mwa yule dereva wa gari la sabuni. Fainali ni wiki mbili kasoro siku moja. Wewe una cherehani, mimi nina mpini wa ufagio, nimeukata vipande viwili, usitume fimbo. Ninavyovihitaji ni hivi:

Kitambaa cha njano na chekundu, nusu mita kila rangi, kiwe chepesi kinachopepea, ukishone pindo kwa mashine na uache mfereji wa kupitisha mpini.

Suruali nyeusi yenye lastiki. Kiuno kimeongezeka inchi mbili tangu unipime.

Raba namba thelathini na nane, zenye meno chini, hata kama zimevaliwa.

Soksi nyeusi jozi moja, mpya. Tafadhali mpya.

Nepi kumi na mbili. Zile zilizoangukiwa na jezi hazikutakata, nimezichoma.

Filimbi usitume, filimbi ni ya refa.

Na ndoo mbili za lita ishirini, zenye mifuniko, maana nyumba ya kona ndiyo hiyo imekwenda, na mimi bado napanga foleni.